Kodi ya upepo, na msiba wa Bi Time tuliokatazwa kuutangaza London

Wakuu wa jukwaa, asalamu alaykum, na wasiokuwa Waislamu hamjambo nyote. Shikamoo zenu nishazipokea kabla hamjazileta, maana najua wengi wenu humu ni rika la wajukuu zangu. Marahaba.

Mie ni bibi wa Kipemba. Naishi Barking, London, tangu nywele zangu zikiwa nyeusi. Skuli sikuingia, nilisoma chuo cha Kurani tu. Kuandika huku nimejifunza ukubwani, kwa kuwaandikia wanangu meseji. Mkiona herufi imekaa pasipo pake, ipitieni kama hamkuiona.

Ila majina ya watu hayanitoki kichwani. Nikimjua mtu leo, nimemjua na mama yake na bibi yake.

Juzi nimekuta humu vijana wanabishana juu ya kodi ya muda ya kujenga upya baada ya mafuriko. Mmoja kaandika, "Jamani si ya muda tu, mnalia nini?" Nikauweka ungo wa mchele chini. Nikasema leo naandika.

Nitakayoyasema yalitokea, na waliokuwemo wengine wako hai na humu wanapita. Majina ya ukoo nitayaacha, watu wana watoto. Aliye na lake tofauti na langu aje aliseme hapa hapa chini, mie sikimbii.

Haya.

Ilikuwa miaka ya tisini, inakwisha kwisha. Simu ya mkononi wakati ule ya mwenye nazo. Sisi tuna simu ya ukutani na kadi za kukwangua za kupigia nyumbani, unakwangua kwa kijiko, unasoma namba, bado hujamaliza salamu pesa imekwisha.

Siku moja kila simu London ilikuwa inasema neno moja. Upepo.

Upepo na mvua vimepiga kijijini kwetu Pemba. Mabati yameruka mpaka mashambani kwa watu. Nyumba za udongo zimelala chini kama mtu aliyechoka. Nyumba ya Mzee Bakari imekwenda. Nyumba ya Bi Mwanakombo, mkunga aliyenipokelea mwanangu wa kwanza, imekwenda. Skuli zimebaki kuta. Roho Mungu kazilinda, lakini watu wanalala msikitini, na msikiti wenyewe nusu hauna paa.

Sasa sisi tuliotoka huko tulikuwa na jumuiya yetu hapa London. Wengi tulikuja kama wakimbizi, kila mtu na lililomtoa, tukatawanyika, huyu Barking, yule Edmonton, mwengine nyuma ya Mungu. Jumuiya ndiyo iliyotukusanya.

Na kazi yake kubwa, wakuu, ilikuwa misiba. Harusi mtu anaweza kujifanyia mwenyewe. Kufa ugenini ndiyo tulikuwa tunaogopa. Kwa hiyo mtu akifa, jumuiya inatangaza kwa simu nyumba kwa nyumba, inatoa minibus ya kwendea makaburini, inatoa masufuria makubwa ya kupikia watu.

Upande wa wanaume alikuwa akipiga simu katibu. Upande wa wanawake mpiga simu nilikuwa mie.

Mwenyekiti wetu akiitwa Bwana Shaame. Msomi, mtaratibu, kazi yake ofisini, tai shingoni hata Jumapili. Simsingizii: mtu aliyejitolea. Tangu habari zifike nadhani hakulala, maana mkutano aliuitisha upesi, tukajaa kwenye hall ya skuli moja Barking mpaka watoto wakakaa juu ya radiator za kupashia joto.

Akasimama akasema kila mtu mzima mwenye kazi akatwe pauni tano kila mwezi.

"Mwaka mmoja tu, ndugu zangu. Bati la mwisho likigongwa msumari, na sisi tunafunga."

Watu walinyanyua mikono. Mie nilinyanyua yote miwili. Nani angekataa? Wazee wetu wanalala chini ya anga.

Akasema pia tusiite kodi, tuite mchango. Sisi wanawake kule nyuma tukaiita kodi ya upepo siku ile ile, maana mchango unautoa ukiwa nao, na huu umeshapangiwa tarehe.

Na namna ya kutoa ilikuwa ya kisasa. Bwana Shaame alitaka tufanye standing order. Kwa wasioijua: unakwenda benki unasaini mara moja, halafu benki inakukata kila mwezi, uko kazini, umelala, unaumwa, wao wanakata. Haikatiki mpaka uende mwenyewe ukawaambie basi.

Tulisaini. Mie nilikuwa nasafisha kwenye care home, nyumba ya kulelea wazee, nikaomba shift ya Jumapili juu ya zangu za kawaida.

Hapa ndipo niwajulishe Bi Time.

Bi Time alikuwa mwenzangu tangu ujana, tumetoka mtaa mmoja. Akiishi Edmonton, kwenye flat ya council, yaani ya halmashauri, na mwanawe wa pekee Khatib anayeendesha minicab, teksi ya kuita kwa simu. Magoti yake mabovu, kazi hana. Lakini siku ya kodi ya upepo alisema hataki kuhesabiwa na wasioweza. Akawa anapika mikate ya kumimina, anawauzia majirani zake, Waturuki na Wajamaika. Wajamaika wakimpigia mlango, "Mama, the coconut one!" Naye anawajibu kwa Kiswahili, na wanasikilizana.

Na kitu kimoja kuhusu Bi Time mkiweke kichwani. Mwanamke yule hakukosa msiba wa mtu. Awe anamjua, awe hamjui. Alikuwa akipanda basi la kwanza, la pili, la tatu, na magoti yale, thermos ya kahawa kwapani, aje akae na wafiwa. Hasemi sana. Anakaa tu, anamenya vitunguu, siku ya tatu anarudi kwake.

Basi.

Mwaka ukaisha. Tukaambiwa nyumba zimekwisha, imebaki skuli. Sawa, watoto wasome.

Mwaka mwengine ukaisha. Tukaambiwa kuna matengenezo madogo madogo. Tukasema ewallah.

Baada ya hapo hakuna aliyeambiwa kitu tena. Benki inakata. Mtu ukiuliza unaambiwa, "Kamati inalifanyia kazi." Kazi gani, wakuu? Bati likishagongwa msumari unalifanyia kazi gani?

Nikapata nafasi ya kwenda Pemba kumwona dada yangu Mwanaidi. Nimefika kijijini natafuta mabomoko, siyaoni. Nyumba zimesimama, za matofali, zimepakwa chokaa, na chokaa yenyewe ishaanza kuchakaa. Skuli ina milango. Watoto wanatoka wanapiga kelele.

Nikamwambia Mwanaidi, "Mashaallah, kumbe mmemaliza."

"Tumemaliza nini?"

"Kujenga. Sisi kule bado tunakatwa."

Akanitazama kama mtu aliyeona nimepungukiwa. "Mnakatwa za nini? Hapa pashajengwa zamani, Mkasi kaolewa humu humu ndani, ana mtoto anatembea. Pesa zenu za mwisho zilikuja na milango ya skuli."

Mkasi ni binti yake wa mwisho. Siku ya upepo alikuwa bado mtoto wa skuli.

Nilirudi London nimevimba. Nikamsimulia Bi Time, Khatib akiwa pale mezani anakula. Mkutano uliofuata Khatib akasimama.

Akauliza kwa adabu. Nyumba zimekwisha, hizi pesa zinakwenda wapi?

Bwana Shaame akajibu bila wasiwasi kabisa. Pesa ziko salama benki. Kamati imeona busara tuweke akiba, tununue jengo letu wenyewe hapa London.

Sikilizeni, sitaki mtu aje hapa aandike bibi kasema mwenyekiti mwizi. Sikusema. Pesa sidhani kama kala hata shilingi. Kilichonichoma ni kwamba mtu alituomba tukiwa tunalia, tukampa kwa ajili ya kilio kile, halafu kilio kimekwisha na mkono wake bado umo mfukoni mwetu, na yeye anauona ni mkono wa heshima.

Khatib akasema, "Jengo ni jambo jema, Bwana Mwenyekiti. Tuulizeni basi. Sisi tulikubali mabati."

"Kijana, kaa chini."

Kijana mwenyewe ndevu zina mvi.

Kesho yake Khatib akaenda benki akaisimamisha yake na ya mama yake. Wakuu, mngedhani kachoma msikiti. Kamati ikakaa, ikatoka na azimio, likasomwa mbele ya watu: atakayejitoa kwenye mchango wa ujenzi, jumuiya haitauhudumia msiba wake. Hakuna minibus. Hakuna masufuria. Na hautatangazwa.

Kule nyuma wanawake tukacheka. Bi Siti, jirani yangu wa Barking, akasema, "Watamwacha maiti bafuni asizikwe?" Tukaona vitisho vya wanaume, vitapoa.

Ramadhani ikapita. Baridi ikaingia. Bi Time akashikwa na kifua, akapelekwa hospitali, na Jumatatu moja alfajiri akafariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Khatib akanipigia analia. Nikamwambia, "Mwanangu, umemwambia mwenyekiti?"

"Nimemwambia, mama. Kanipa pole. Kasema Mungu amrehemu. Halafu kasema anasikitika, azimio ni azimio."

Hata sijaiweka simu vizuri, ikalia tena. Bwana Shaame mwenyewe.

"Bi Mize, nadhani umesikia habari."

"Nimesikia."

"Basi nakuomba, simu zile usizipige."

Nikamwacha aendelee. Nilitaka aseme yote.

"Sijamkataza mtu kwenda kuzika," akasema. "Nisieleweke vibaya. Nimesema tu sisi kama jumuiya hatutangazi."

Ehee! Hapo ndipo damu ilipochemka. Na wale msiotoka kwetu niwaeleze, maana huu ndio moyo wa habari nzima.

Kwetu harusini unakwenda ukialikwa. Msibani hualikwi. Ukishasikia tu, imekulazimu, hata kama mlikuwa hamsemezani. Usipokwenda utaulizwa, na watoto wako wataulizwa. Njia moja tu ya kusalimika ni uwe hukusikia.

Kwa hiyo yeye hana haja ya kumkataza mtu. Akizuia masikio, keshazuia miguu. Halafu mwaka mzima kila mtu atamwambia Khatib, "Pole sana, wallahi sikupata habari," na atakuwa hasemi uongo. Bi Time azikwe na mwanawe na watu wawili watatu wa mtaani, na hakuna mwenye lawama.

Bi Time! Aliyekuwa akibadilisha mabasi na magoti yake aje akae na wafiwa wasiomjua hata jina!

Kwa pauni tano. Za nyumba zilizokwisha kujengwa.

Nikamwambia, "Bwana Shaame, hiyo simu unayoongea ni ya jumuiya au yangu?"

"Yako, lakini..."

"Bili nalipa mie?"

"Bi Mize, usilifanye jambo likawa kubwa."

"Kubwa lishakuwa. Mtu kafa."

Nikaweka simu chini. Halafu nikainyanyua.

Mazishi yalipangwa Jumatano baada ya adhuhuri, karatasi za hospitali zikiwahi. Jumatano, wakuu, siku ya kazi. Mtu wa London ili atoke kazini lazima ajue mapema aombe ruhusa. Ukichelewa kumwambia, ni sawa na hukumwambia.

Nikaanza na Bi Siti, ingawa ukuta wetu mmoja.

"Bi Mize, nasikia wamekataza."

"Wamekataza nani?"

"Kamati. Mume wangu kasema tujifanye hatujasikia mpaka Alkhamisi."

"Haya sasa umesikia. Time kafa, anazikwa Jumatano. Mwambie mumeo ajifanye alivyotaka, lakini kofia yake uipige pasi."

Akacheka huku analia. Akasema, "Utatuua wewe."

Nikaendelea. Bi Raya. Bi Chumu. Bi Mkunde na wifi yake. Binti Salum wa Edmonton. Kila mmoja namwambia na salamu za mama yake. Wengine waliogopa. Mmoja, jina lake simtaji kwa stara, akaniuliza kwa sauti ndogo, "Na kwetu pakitokea msiba, Bi Mize, watatutangazia?"

Mnaona? Mnaona jambo lenyewe? Kodi ya kuezeka mabati ishafika mahali mama mzima anaogopa kufa.

Nikamwambia, "Mie nikiwa hai nitakutangaza. Nikifa kwanza, unitangaze wewe."

Watoto wakiinua simu ndiyo ilikuwa tabu. "Nan, Mum's at work." Nikawaambia, mwambie Bi Time kafa, sema nyuma yangu, Bi Time kafa. Wakasema nyuma yangu na matamshi yao yale ya Kizungu. Ujumbe ulifika.

Halafu nikakaa kidogo. Maana ilibaki nyumba moja sijaipiga.

Nyumba ya Bwana Shaame.

Mkewe Bi Salha alikuwa mwanamke kimya, hajapata kusimama mkutanoni. Lakini alikuwa kwenye watu wangu wa kupigiwa simu kama mwanamke mwengine yeyote. Nikimruka yeye, na mie nimefanya lile lile alilofanya mumewe. Nikangojea saa ambazo mumewe yuko ofisini. Nikapiga.

"Bi Salha, Mungu akupe subira. Time kafa."

Nasikia televisheni kwa mbali, ikazimwa.

"Kafa lini?"

"Leo alfajiri."

"Na baba Muna anajua?" Ndivyo alivyokuwa akimwita mumewe.

"Anajua. Kanipigia yeye mwenyewe."

"Kakwambia nini?"

"Kaniambia nisikupigie."

Akasema, "Wanamwosha wapi?"

Jumatano ile tulimwosha wanawake wanne, mie upande wa kichwa. Bi Salha ndiye aliyekuwa akinimiminia maji. Hatukuzungumza. Siku ile ya kuosha hakuna mazungumzo.

Wanawake kwetu hatuendi makaburini, kwa hiyo sisi tukarudi Edmonton kwenye flat ya Khatib. Lifti mbovu. Ngazi zimejaa viatu mpaka ghorofa ya chini. Watu wa Barking wamekuja, watu wa kusini mwa London wamekuja, waliokuwa hawasemezani wamekuja wakakaa goti kwa goti. Jirani wa Kijamaika akafungua mlango wake akasema wengine waingie kwake, na watu wakaingia.

Masufuria makubwa hatuna, yamefungiwa. Kila mmoja kaja na sufuria lake la nyumbani, mchele wake, kuku wake. Pilau siku ile ilikuwa na ladha tofauti kila sahani. Bi Chumu akamwambia Bi Raya, "Yako ina chumvi ya kodi." Watu wakaficha midomo kwa mitandio.

Na minibus? Khatib ni mtu wa minicab, wakuu. Wenzake wa ofisini kwao, Wasomali, Wapakistani, Mghana mmoja Mkristo, waliacha kazi mchana ule wakajipanga barabarani na magari yao. Wanaume wote walipelekwa na kurudishwa. Mghana yule nasikia alisimama kando na kofia mkononi mpaka mwisho. Aliyesimulia ni mume wa Bi Siti. Naam, yeye yule wa kutosikia mpaka Alkhamisi. Alikwenda. Na alisema jeneza lilipita mikono mingi hata Khatib alitafuta nafasi ya kulibeba akakosa, ikabidi watu wampishe.

Alipolisema hilo mie ndipo nilipolia. Siku mbili nilikuwa sijalia.

Alasiri Bwana Shaame akaja.

Akasimama mlangoni, tai, koti, viatu miguuni. Khatib akatoka akampa mkono, akamwambia, "Karibu." Mie sijui kama ningeweza.

Bwana Shaame akaniona kule ndani, akasema kwa sauti ya chini, "Bi Mize, umevunja azimio."

"Nimelivunja."

"Utaratibu ukivunjwa hivi, jumuiya itasimama na nini?"

Kabla sijamjibu, sauti ikatoka jikoni. Sauti ambayo watu hawajapata kuisikia mbele za watu.

"Baba Muna, vua viatu uingie. Watu wanakula, unawazibia mlango."

Akavua. Akaingia. Akaletewa sahani na mkewe mwenyewe, akala. Sikumwona akimtazama mtu.

Mtasema hapo kodi ilikwisha. Wapi! Mkutano uliofuata nikasimama, mara yangu ya kwanza. Nikasema, sitaki hesabu, sitaki kumgombeza mtu, nataka mtu mmoja tu asimame hapa mbele aseme kodi ya upepo imekwisha. Maneno manne matano, tukale sambusa.

Bwana Shaame akasema, "Kamati itatafakari."

Watu wazima, wenye digrii, wamekaa mstari mmoja, na hakuna hata mmoja wao aliyeweza kutamka neno "imekwisha." Kwa nini? Mpaka leo najiuliza. Kuianzisha walisimama wote.

Nikamtazama Bi Salha. Akanitazama.

Wiki ile tukakutana wanawake Barking, mlangoni mwa benki, asubuhi inapofunguliwa. Tulikuwa wengi mpaka mlinzi akatuuliza kama kuna tatizo. Tukaingia na mabuibui yetu na vigari vya watoto, foleni ikazunguka ndani ikatokea nje. Kila anayefika dirishani anasema neno lile lile, stop the standing order. Wasiojua Kizungu tuliwafundisha hapo hapo kwenye foleni, wanarudia rudia kama watoto wa chuo.

Binti wa dirishani, mdogo, kucha ndefu, akamwuliza Bi Salha, "All of you? Is something wrong, love?"

Bi Salha akasema kwa Kizungu chake cha taratibu, "Nothing wrong. The houses are finished."

Akasaini.

Ndivyo ilivyokwisha. Kamati haijatafakari mpaka leo. Jengo hatujaliona. Zilizobaki benki nasikia zilikuja kulipia mambo ya jumuiya kidogo kidogo mpaka zikaisha, na masufuria yalitoka gizani msiba uliofuata, hakuna aliyesema kitu. Simu za misiba niliendelea kupiga mie mpaka zikaja hizi group za simu.

Bwana Shaame naye alishatangulia. Nilimtangaza. Nyumba zote, bila kuruka.

Sasa wewe kijana uliyeandika kodi ya muda ina ubaya gani. Sina ugomvi na kutoa. Kijiji kikiangushwa na upepo leo, mie bibi mzee nitanyanyua mikono miwili tena. Nilichojifunza ni kwamba siku ile ile mnayonyanyua mikono, mkiwa bado mnalia, muulize: ni nani atakayesimama kusema imekwisha, na asiposimama tunafanya nini? Muulize hapo hapo. Mkingoja machozi yakauke, mtakuta wameshazoea.

Na muangalie sana adhabu wanayoiweka kwa asiyetoa. Kodi ya mabati ikianza kugusa maiti, ishaacha kuwa ya mabati.

Haya, uwanja wenu. Semeni yaliyowakuta huko mliko, na wa kunipinga wanipinge, nimezoea. Ila atakayekuja hapa kuniandikia azimio ni azimio, aanze kwa kunitajia watu watakaolibeba jeneza la mama yake.